Namba Moja ya Jaji Amsler

Piedra Mocha, Colorado
3 Machi 2022

Mjukuu wangu Delfina,

Mimi mzima, ila goti. Wewe unakula? Ile pilipili niliyokupa usiigawe ofisini.

Nimepata fomu ya kumpima Jaji Amsler. Sasa umekuwa mkubwa, unaketi kwenye kamati ya kuwashauri wapiga kura jaji abaki au atolewe. Kumbuka tu nani alikuogesha. Nimeijaza mwenyewe, sikuhitaji mwalimu. Kwenye kesi yetu ya maji ya mfereji, wakili wa yule mkulima wa viazi tuliyeshindana naye alinikatiza mara tatu. Jaji akamwambia, "Kaa chini, mama hajamaliza." Sijalisahau hilo. Wenzangu sita wa kanisani niliokuwa nao kwenye kesi nimewaonyesha namna ya kujaza. Tumempa anachostahili.

Bibi yako,
Eufrasia

Monte Rojo
12 Juni

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo. Pole na goti. Ya kamati nimeapa kutoyasema, hata kwako. Nakuuliza kitu kimoja tu: ulipojaza fomu, ulisoma maelezo ya juu? Nijibu kabla ya tarehe ishirini na nne, tafadhali. Siku hiyo tunaamua.

Mjukuu wako,
Delfina

Piedra Mocha
15 Julai

Delfina,

Goti lile lile. Barua yako imekaa kwenye droo mwezi mzima, kwa sababu ilinikera. Unaniuliza mimi kama nimesoma? Nilikuwa najaza fomu za serikali mama yako akiwa bado anatambaa. Kama una neno, liseme wazi au unyamaze.

Bibi

Monte Rojo
10 Novemba

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Umesikia, Jaji ametolewa. Ameshindwa kwa tofauti ya kura thelathini na nane tu.

Ripoti imeshatoka, na siwezi kukaa na hili peke yangu. Kwenye ile fomu moja ni mbaya kabisa, tano ndiyo bora. Zilirudi fomu ishirini na mbili, na saba zilimpa moja kila mahali. Chini ya mojawapo mtu aliandika, "Anasikiliza kama mtu asiye na kazi nyingine." Kamati ilicheka, wakadhani ni kejeli. Tukaandika kwamba hafai.

Mwandiko niliujua, Bibi. Niliogopa kuwaambia, wataniona nambeba mtu wa nyumbani. Ulipokaa kimya ningeweza kupanda gari nije. Sikuja.

Delfina

Piedra Mocha
27 Novemba

Mjukuu wangu,

Afya ipo, usingizi hakuna. Maandishi ya juu yalikuwa madogo nikayaruka. Moja nilijua ni wa kwanza, kama mashindanoni. Wenzangu niliwaambia, "Wote moja, msimwaibishe." Mmoja wao, Ramoncita, bado anabisha kwamba serikali ndiyo haijui kuhesabu.

Jana nilikwenda kwa Jaji. Wenzangu wote walipata udhuru. Nilimkuta anafunga vitabu vyake kwenye maboksi. Nikamweleza yote, kuanzia fomu mpaka droo. Nilikwama mara mbili, maneno yakanikimbia. Mkewe alipotaka kuingilia, Jaji akamgusa mkono. "Ngoja, mama hajamaliza."

Nilipomaliza hakuniambia si kitu, maana ni kitu. Alinisindikiza mpaka langoni, polepole kwa ajili ya goti langu.

Wewe ulijua ukaogopa, mimi nilijiona najua. Sikugombezi, sina uso huo. Njoo Jumapili, nitapika maharage. Njoo na ile fomu, unisomee yale maandishi ya juu. Sitakukatiza.

Bibi yako,
Eufrasia