Honi ya Kivuko cha Kigongo

Butimba, Mwanza
8 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui sana siku hizi. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio haujatulia, na sababu nitakueleza.

Ile kazi mliyokuwa mkinicheka, ya kuzurura na kinasa sauti kama mtu aliyepotelewa na kuku, imezaa matunda. Wiki iliyopita tulifungua maonyesho ya sauti hizo katika ukumbi mmoja hapa mjini. Watu wanakaa gizani, hakuna picha wala mwimbaji, wanaisikiliza Mwanza tu: visu vikiparua magamba ya sato, mafundi wakigonga mabati, wauza dagaa wakigombana na kunguru. Mama mmoja alicheka hadi akafuta machozi, akasema kumbe kelele zinazomnyima usingizi ni muziki.

Mwisho kabisa hulia honi ya kivuko cha Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe haisikiki tena, kwa hiyo ikilia ukumbi mzima hupiga makofi. Mimi hutoka nje.

Mama, honi ile niliinasa siku ya maziko ya baba. Niliwaambia kivuko kilichelewa. Hakikuchelewa. Nilifika Kigongo asubuhi na mapema, ila upepo ulikuwa unaharibu sauti, nikajiambia nisubiri safari inayofuata, kisha nyingine. Nilikiacha kivuko kiondoke mara tatu, huku nikijua kwamba Sengerema mnanisubiri, na kwamba mimi mtoto wa kwanza ndiye wa kutia udongo wa kwanza kaburini. Nilijiambia wafu hawana haraka. Naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo.

Nilipofika kaburi limeshafunikwa. Ulinikumbatia ukanipa pole ya safari. Pius, aliyeona mvua inakuja akatia udongo kwa niaba yangu, ulimwita mwenye uchu wa urithi, eti amejitwalia nafasi ya mtoto wa kwanza, na hadi leo humwitikii salamu. Nami dada yake nimemwacha abebe mzigo wangu mwaka mzima na zaidi.

Juzi nilimpigia simu nikamweleza yote. Nilitaka anitukane. Badala yake akaniuliza kama angalau honi ilitoka vizuri.

Msalimie shangazi Hellen na majirani wote. Mimi usiharakishe kunisamehe, Mama. Ila Jumapili Pius akija kukusalimia, nakuomba umwitikie.

Mwanao mwenye kosa,
Kija