Dirisha Lililopakwa Chaki

Nyumba Na. 4127,
Galeshewe,
Kimberley.
Jumanne, 21 Aprili 2020.

Mpendwa mdogo wangu Gosiame,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Refilwe na mtoto. Je, kile kikohozi chako cha vumbi la ghalani kimepungua? Na sigara, maadam sasa haziuzwi, umeziacha au unavuta majani ya chai kama wanavyofanya wanaume wa mtaa huu? Sisi huku tunapumua. Tshenolo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka kila saa ili tuyaone mapengo. Mama yu hai. Nimeitanguliza habari hiyo kwa makusudi, nawe unajua kwa nini.

Barua hii naileta kwa mkono wa Mzee Thekiso, anayeendesha lori la unga. Lori la chakula linaruhusiwa kupita. Nimeona heri niandike, kwa kuwa tangu Jumatano iliyopita simu yangu huipokei. Kwenye simu, hata ungepokea, ningelia tu. Kwenye karatasi naweza kwenda polepole. Nimefungua daftari langu la kila siku hapa mezani ili nisikudanganye tarehe hata moja.

Tulifungiwa ndani Ijumaa, tarehe 27 Machi. Siku hiyohiyo nilikihamisha kitanda cha Mama chumba cha mbele, chini ya dirisha, maana alisema hataki kufungiwa akitazama ukuta. Shule zilipofungwa mwalimu mkuu aliniambia nichukue nyumbani vitu vinavyoharibiwa na unyevu, na mimi karani wake nikaorodhesha kila kitu, pamoja na paketi sita za chaki. Leo zimebaki mbili. Sijui nitaandika nini kwenye orodha yangu.

Ni watoto. Tshenolo na wale mapacha wa nyumba ya pili walianza kuchora kwenye saruji ya uani, saruji ikajaa, wakatoka langoni. Barabara ilikuwa tupu kabisa, Gosiame, hujawahi kuiona hivyo. Wakachora nyumba chini, kama ile tuliyokuwa tukiichora mimi na wewe kwa kijiti: sebule, jikoni, vyumba, milango. Halafu wakakaa humo wakipika mawe. Tarehe 3 Aprili wanajeshi wawili wakapita kwa miguu.

"Nyie! Ndani! Hamjasikia amri?"

Tshenolo hata hakunyanyuka. "Tuko ndani. Hapa ni jikoni."

Yule mwanajeshi alitazama chini akaona buti lake limesimama kwenye sufuria. Akarudi nyuma hatua moja, nakuapia, akaomba radhi. Mwenzake alicheka mpaka barakoa ikamshuka. "Basi funga mlango, mama mwenye nyumba, baridi inaingia." Kisha wakawaingiza wote, kila mtoto kwao.

Nilimsimulia Mama. Alicheka, halafu akasema yeye haoni chochote. Akilala anaona mbingu na waya wa umeme tu. Na kunyanyuka hawezi tena, miguu imevimba kama magunia. Tshenolo alikuwa anasikiliza. Mimi sikumtazama usoni wakati ule. Ningemtazama pengine ningejua.

Jumanne tarehe 14 nilikuwa nyuma nikifua mashuka. Mtoto akachukua kopo la maji, akalowesha chaki, akapanda ndoo na kumchorea Bibi yake kwenye kioo chenyewe, kwa nje. Chaki kavu haishiki kwenye kioo, hilo alishaligundua. Alichora jua, kuku, wewe mjomba wake mwenye miguu mirefu, na kanisa. Alipokosea alifuta kwa kiganja. Maji yalipokauka, kwa ndani Mama aliona jua na kuku. Kwa nje, kutoka ng'ambo ya barabara, lilionekana dirisha la mbele la nyumba yenye mgonjwa, limepakwa weupe kutoka juu hadi chini.

Unalijua dirisha la namna hiyo, la nyumba iliyofiwa. Sote tunalijua. Vioo vyote vilipakwa majivu siku aliyofariki Baba, nawe ukamwuliza Shangazi kwa nini anachafua nyumba.

Siku nyingine yoyote Mama Obakeng wa nyumba ya ng'ambo angevuka barabara, angeingia bila kubisha, na katika dakika mbili angekuwa anakunywa chai na mfu wake. Lakini sasa hakuna anayevuka. Alisimama kwenye lango lake, akatazama, akarudi ndani kufanya kazi yake. Unakumbuka kwamba yeye ndiye katibu wa chama cha kuzikana. Daftari la majina na namba za ndugu liko kwake.

Mimi nilijua saa kumi kasoro robo. Nilikuwa namlisha Mama uji mchachu wa mtama aliposhika mkono wangu.

"Wanaimba."

Nikasikiliza. Kweli wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa maziko, kila mmoja nyuma ya uzio wake, sauti zikipokezana kutoka nyumba hadi nyumba mpaka kule kona.

"Nani kafa?" akauliza Mama.

Nikatoka. Mama Obakeng alikuwa langoni kwake amejifunga blanketi la msiba mabegani, barakoa usoni.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini mbona hukutuambia? Hata kupunga mkono tu?"

"Kukuambieni nini?"

"Tumeona dirisha."

Niligeuka nikaliona kwa nje kwa mara ya kwanza. "Mama Obakeng," nikasema, "Mama anakula uji. Anauliza kafa nani."

Alikaa chini palepale juu ya kreti ya soda. "Yesu wangu. Nimeshapiga simu."

"Kwa nani?"

"Kwa wote waliomo kwenye daftari. Gosiame ndiye wa kwanza."

Nilirudi ndani nikamweleza Mama, kwa sababu hakuna namna ya kumficha mtu maziko yake. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi nikaogopa. Alipopata pumzi akasema, "Waache wamalize ubeti. Sauti ya tatu ni ya nani? Anaharibu."

Sasa nafika mahali pagumu. Mengine unayajua, lakini nataka uyaone kama mimi nilivyoyaandika.

Nilikupigia saa kumi na dakika tano. Ulikuwa umeshapata habari tangu adhuhuri. Ulikuwa umeshakwenda kituo cha polisi, umesimama kwenye foleni, umeapa mbele ya ofisa kwamba mama yako mzazi amefariki, umepewa kibali chenye muhuri cha kusafiri kwenda kuzika. Ulisema ulinipigia mara nne. Simu yangu ilikuwa jikoni kwenye chaji, mimi niko uani na mashuka. Nilikwambia yu hai. Halafu ukasema taratibu, "Dada, kibali ninacho mkononi. Niache nije hivyohivyo."

Nami nikasema, "Kirudishe."

Nilikwambia umekula kiapo kwamba mama yako kafa. Ukija utamkuta anapumua, na kiapo kiko juu ya kichwa chake. Nilikuuliza siku yenyewe ikifika utaapa nini, maana mtu hazikwi mara mbili. Nilikwambia watakufunga. Nilisema mengi, kwa sauti ya dada mkubwa, sauti ileile niliyokuwa nikikuamrishia kunawa miguu. Ukasema, "Sawa, Dada." Kesho yake asubuhi ukakirudisha. Tangu hapo hupokei simu yangu.

Kwenye daftari, chini ya tarehe 14, nimeandika maneno matatu tu: Nimemwambia akirudishe. Kwa kawaida naandika ukurasa mzima.

Alhamisi Mama aliniuliza utafika saa ngapi. Tshenolo alikuwa amemwambia kwamba mjomba amepata karatasi. Nikalazimika kumwambia nilichofanya. Alitazama kuku wa chaki. Kisha akasema, "Ungemwacha aje. Kufa siku tatu kungenipunguzia nini?"

Nilikwenda kuchemsha chai, Gosiame.

Ijumaa muuguzi wa zahanati alikuja, amevaa plastiki mwili mzima. Alimpima Mama, akaniita langoni. Moyo umechoka na maji yamepanda mapafuni. Alisema inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa siku, hawezi kuahidi. Akataka kumpeleka hospitali. Mama akauliza kama nitaruhusiwa kuingia naye. Hapana. Kama nitaruhusiwa kumwona. Hapana. "Basi niache na dirisha langu," akasema. Muuguzi hakumlazimisha. Naye ana mama, nadhani.

Usidhani nimekaa kimya. Jana, Jumatatu, nilikwenda kituo cha polisi cha hapa na kadi ya zahanati, nikaomba kibali kwa ajili yako, cha kuja kumwona mgonjwa. Kijana wa kaunta alinipokea kwa adabu. Alinisomea karatasi yao kwa kidole, mstari kwa mstari. Kuzika, ndiyo. Kuugua, hakuna. Akaniambia, "Mama, angekuwa amefariki ningekusaidia sasa hivi." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayeona aibu, na nadhani ndiyo maana nililia pale kaunta mbele ya watu, mita moja na nusu kati yangu na kila mmoja.

Nikamwuliza Mzee Thekiso kama anaweza kukuleta kwenye lori. Aliinamisha kichwa, akazungusha kofia mikononi. Lori linakaguliwa mara tatu njiani, na ana watoto watano. Sikumwuliza tena. Alisema barua anaweza.

Wanasema labda mwezi ujao watalegeza. Wengine wanasema la. Kila mtu hapa amekuwa mtabiri, hasa baada ya kunywa pombe ya mananasi, ambayo sasa inachachushwa kila nyumba mpaka nanasi halipatikani dukani. Mimi sijui. Nimezoea kujua mambo. Najua idadi ya madawati, najua mtoto gani hajaleta cheti cha kuzaliwa. Hili silijui na hakuna daftari la kulitazama.

Naomba unisamehe. Sisemi kwamba nilikosea, maana nikiwaza kama ungekuja naona wewe ukiwa kizuizini na Mama akilizwa na habari hiyo. Wala sisemi kwamba nilikuwa sahihi. Nasema tu ni mimi niliyetamka neno lile, si wewe, na likikulemea uliweke kwangu. Ila pokea simu. Kila jioni saa kumi na mbili namshikia Mama simu sikioni, nayo inalia mpaka inachoka. Ananiambia, "Yuko kazini." Anajua hupo kazini.

Mama Obakeng naye hajapona mshtuko ule. Tumeafikiana hivi: kila asubuhi saa mbili nafungua dirisha, Mama anapunga kitambaa cha vyombo, na yeye kutoka langoni kwake anapaza sauti, "Ameamka?" Nami najibu, "Ameamka, anadai chai." Amekata kauli kwamba hatapiga simu yoyote tena kwa kuona dirisha. Atapiga kwa kunisikia mimi. Nawe shika hilohilo. Mtu yeyote akikwambia dirisha la kwetu limepakwa, usiapie chochote. Majivu nitayapaka mimi kwa mkono wangu, na kabla sijagusa kioo nitakupigia wewe.

Nilitaka kuifuta ile chaki siku ileile. Nilishaleta kitambaa na maji. Mama alikataa. Alisema yu hai nyuma ya dirisha la msiba, na wangapi wamewahi kupata nafasi hiyo?

Msalimie sana wifi Refilwe, umbusu mtoto kwenye paji la uso kwa niaba yetu. Shangazi Mmathapelo anakusalimu kutoka ng'ambo ya uzio, na mapacha wanauliza kama kweli unaishi karibu na bahari na kama bahari nayo imefungwa. Mama anasema Mungu akulinde unapolala na unapobeba mizigo, na uvae soksi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata simu ikilia bila kupokewa,

Kelebogile.

N.B. Jumatano asubuhi, 22 Aprili. Nimefungua bahasha tena, Mzee Thekiso ananisubiri na injini inaunguruma. Jana usiku mvua ilinyesha kwa upepo na kuosha kioo chote. Alfajiri Mama alikuwa na pumzi fupi, akaona mbingu tupu na waya wa umeme, akamwita Tshenolo, si mimi. Mtoto yuko nje sasa hivi juu ya ndoo, anachora. Ameanza na wewe. Miguu yako imefika chini kabisa ya kioo na bado hajafika kwenye viatu.

Dirisha letu ni jeupe, Gosiame. Ni chaki. Leo bado ni chaki.