Doto, Funga Mlango

Mtaa wa Ng'ambo,
Tabora.
6 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Levina,

Shikamoo yako niliipata kwenye ujumbe wa simu. Marahaba, marahaba sana. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha kwamba nimeinamia baiskeli za watu miaka ishirini na kitu. Bibi yako Pelagia anakula, analala na anagomba, kwa hiyo hajambo. Na wewe je? Kile kikohozi ulichokilalamikia mwezi wa nane kimekwisha? Festo anaendeleaje na zamu zake za bandarini? Huku joto limeingia kwa fujo. Vumbi linatua mpaka kwenye chai, na mvua hata dalili.

Utashangaa kupata barua ya karatasi enzi hizi. Sikupiga simu kwa sababu utakayoielewa ukifika katikati. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Uliniuliza mambo mawili. Kwanza, kwamba Renatus, yule prodyuza uliyempa kanda ya marehemu baba yako, anaomba ruhusa ya familia aitoe albamu nzima. Pili, kwamba anamtafuta huyo Doto anayeitwa kwenye wimbo, apande naye jukwaani. Ukaandika, "Baba mdogo, huyo Doto ni nani? Bado yupo hai?" Halafu ukaweka vikatuni vya kucheka. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Wimbo wenu ulitufikia mwezi wa saba. Nilikuwa kibandani kwangu nanyoosha rimu, bajaji ikasimama kando ya barabara. Nikasikia besi, nikajisemea, rege hiyo, siku nyingi. Halafu sauti ikapaa, "Doto, funga mlango!" Spana ilinidondokea mguuni. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, niligeuka nyuma nikaitika "Naam."

Tangu hapo hakuna pa kujificha. Unyamwezi hatuna uhaba wa akina Doto, na kila mmoja anaimbiwa. Doto muuza nyanya wa sokoni alikasirika mpaka akamrushia mteja fungu zima. Kondakta wa basi la Isikizya hasemi tena "twende", anasema hayo hayo, abiria wanacheka. Hata kanisani, katekista alipoomba mlango wa nyuma ufungwe, kwaya nzima ilishika midomo. Nami nacheka nao, halafu nikifika nyumbani chakula hakipiti.

Wewe umeujua kama wimbo wa sherehe, basi ngoja nikueleze ulivyozaliwa. Miaka ile kanda za rege na ragga zilikuwa zinapanda na treni kutoka Dar, zimerekodiwa juu ya nyingine mpaka unasikia kwaya kwa mbali chini ya besi. Baba yako alizila hizo kanda. Alikuwa akisema rege inatembea na ragga inakimbia, na Mnyamwezi amejaliwa miguu ya kazi zote mbili, maana babu zake walitembea na mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Ndiyo sababu albamu yake aliiita Wapagazi. Nyimbo nane, nne kila upande.

Huo wa nane ulikuwa wa huzuni. Unamhusu mpagazi aliyeondoka na msafara kwenda pwani, akamwachia mwenzake jembe amtunzie, asirudi. Renatus ameyaondoa maneno yote, akaibakiza besi na ule ukelele mmoja, akaongeza mwendo, akapaka sukari, akaweka dada wa kuitikia. Sisemi ameharibu. Wimbo ni mtamu, mguu wangu mwenyewe hunitoroka ukauchezea. Kinachonichoma ni kwamba sisi tulizunguka na kanda ile mkononi na hakuna redio iliyoitaka, tukaitwa wahuni, na leo inapigwa kwenye sherehe za kipaimara.

Tulirekodia chumba cha uani kwa mzee Twalibu, fundi cherehani aliyekaa karibu na stesheni. Magodoro matatu ukutani, kinanda kimoja cha kuazima, redio kaseti mbili. Mpiga kinanda ndiye aliyekuwa pia bawabu, maana treni zilikuwa zinapiga honi bila kutuuliza. Tulipofika wimbo wa nane, huyo mpiga kinanda alitoka kunywa maji wakati besi inajipigia, akarudi, akausahau mlango. Honi ikaingia. Kulwa akapaza sauti katikati ya wimbo. Tukakubaliana tutaurudia siku nyingine, na hatukuurudia.

Kulwa ni baba yako. Kasimiri ni jina lake la ubatizo, ndilo mama yako alilokufundisha. Na sisi huku mtoto wa kwanza wa mapacha ni Kulwa, anayemfuata ni Doto.

Doto ni mimi.

Hukuambiwa, na hukuweza kukisia, kwa sababu sura hatukufanana. Yeye alimfuata babu, mimi nilijifuata mwenyewe. Ila sauti tulipewa moja tukagawana. Mama mwenyewe alikuwa akituchanganya tukiitika kutoka nje. Baada ya mazishi niliwaomba watu wote waniite Leodgar, na wakanihurumia, wakaacha. Sijaimba tangu hapo. Na wewe kila ukinipigia simu najifanya nina wateja, nakata haraka, kwa sababu naogopa siku moja utaniuliza ni nani huyo anayezungumza. Nisamehe kwa hilo. Lakini hilo ni dogo.

Agosti 1998 tulipanda treni kwenda Dar na kanda arobaini kwenye begi, tujaribu bahati huko. Ilikuwa asubuhi. Treni iliposimama Tura nilishuka kununua karanga na mayai ya kuchemsha, nikaanza kubishana na mama mmoja, unajua tena nilivyo. Treni ikaanza kuondoka. Nikakimbia, nikadandia, mikono yote imejaa, nacheka. Kulwa alikuwa amesimama pale pale mlangoni akinisubiri. Akanipokea vitu. Mimi nikausukuma mlango kwa bega, ukagonga, nikapita. Komeo sikulizungusha.

Sikulizungusha, Levina. Mikono ilikwisha kuwa mitupu, ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na sikuifanya. Kulwa akauegemea mlango kwa mgongo, anamenya yai. Njia ikapinda. Niligeuka kumwonyesha nafasi ya kukaa, nikaona mwanga mahali alipokuwa yeye.

Walioniuliza niliwaambia aliufungua mwenyewe apunge upepo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliogopa, lakini siandiki hivyo ili unihurumie. Watu wakaongeza ya kwao. Mtu wa rege, nywele zile, mtasema nini, alikuwa amevuta. Mimi neno hilo sikulisema, ila sikulikanusha. Na baba yako hakuvuta hata sigara. Moshi wa kuni tu ulikuwa unamkaba kifua.

Baada ya arobaini mama yako, Julieth, alinifuata kisimani. Aliniuliza swali moja tu: "Shemeji, alikuwa amevuta?" Nikasema, "Sijui." Neno hilo ndilo lililomfungisha mizigo akarudi kwao Songea na aibu ambayo haikuwa yake, na wewe mgongoni. Juzi umeniandikia, kama jambo la kawaida, kwamba baba alikufa kwa bangi zake. Nilipomzika mama yako miaka miwili iliyopita nilisimama kaburini na maneno yote mdomoni, nikayameza nikarudi Tabora nayo. Amekufa anaamini uongo wangu.

Sasa sikia kinachonitesa zaidi. Miaka yote hii nilikuwa naikumbuka Tura bila sauti. Yai, mwanga, basi. Tangu wimbo utoke, nikifumba macho nadandia treni, nausukuma mlango kwa bega, na namsikia kabisa, nyuma yangu, "Doto, funga mlango!" Sijui kama aliyasema kweli siku ile. Huenda alisema nikapuuza. Huenda ni bajaji tu zimeniingilia kichwani. Nimejaribu kuitenganisha treni na wimbo, nimeshindwa, na mtu pekee wa kumuuliza ndiye anayenipigia kelele.

Na bibi yako. Macho yake yamebaki kuona kivuli tu, lakini masikio ni mazima. Siku wimbo ulipopita mara ya kwanza hakulia wala kuuliza. Aliinuka, akapapasa ukuta, akaenda kuufunga mlango wa mbele. Ukawa ndio mtindo. Mara nne, mara tano kwa siku, bajaji ikipita mama anainuka anafunga. Mama mdogo wako Kabula alidhani ni uzee. Mimi nilikuwa namtazama nikitamani ardhi ipasuke.

Jumapili iliyopita, tuliporudi misani, nikapiga magoti nikamwambia yote. Akasema alijua kuna kitu, kwa sababu tangu tumzike Kulwa hajawahi kunisikia nimeketi nimeupa mlango mgongo. Kisha akaniamuru nilete kanda.

Ninayo moja, Levina, nayo sikuwahi kuisikiliza. Ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vyeti. Kanda yenyewe ililegea, nikaikaza kwa kuzungusha spoku, ndicho kifaa nilicho nacho. Lukumani, fundi redio wa Kanyenye, akatuazima redio kaseti aliyokuwa ameifanya kigoda. Tukakaa sebuleni watatu, mimi, mama na Kabula, tukasikiliza upande wa kwanza, tukageuza.

Renatus ameikata sauti ya baba yako kwenye neno "mlango". Kwenye kanda baba yako haishii hapo. Anacheka kile kicheko chake cha puani, halafu anasema taratibu, "Aa, basi, acha wazi, ndugu yangu. Joto hili." Na anaendelea na ubeti wa mwisho mlango ukiwa wazi. Ukitulia unasikia mabehewa yakipita, unasikia kuku wa mzee Twalibu, na mbali kidogo mtoto mchanga analia na mwanamke anambembeleza. Mwanamke ni Julieth. Mtoto ni wewe, miezi sita. Nilikuwa nimelisahau kabisa hilo.

Kipande chako cha kanda nadhani kilikwisha au kilikatika hapo, maana Renatus angekisikia kicheko hicho asingekiacha.

Najua maneno yale hayakuihusu treni. Aliyasema miezi mitatu kabla, juu ya mlango mwingine. Sijidanganyi na sikuombi ujidanganye.

Sasa majibu. Albamu itoke, mimi na bibi yako tumeridhia, kwa sharti kwamba wimbo wa nane uwemo mzima, mpaka kuku, mpaka kilio chako. Ule mfupi waendelee kuucheza, sina ugomvi nao. Na kama kutakuwa na maelezo ya msanii, yaandikwe kwamba hakuvuta, na kwamba mlango uliachwa na ndugu yake. Jina langu litajwe. Kanda nimeifunga humu kwenye kitambaa, itunzeni, ndiyo pekee iliyo nzima.

Kuhusu jukwaa, Doto hapandi jukwaa lolote kabla hujaamua kama bado unaye baba mdogo. Ukiniita, nitakuja. Nitakuja kwa treni, ambayo sijaipanda tangu siku ile, na nitakwambia haya uso kwa uso, kwa sauti hii. Usiponiita, nitaelewa, wala sitakusumbua.

Bibi yako anakusalimu na anasema ule ubani alioutuma mwaka mama yako alipofariki haukutosha, atakuombea mwenyewe. Kabula anakusalimu. Shilinde, mwanetu, mdogo wako, yuko Tura anafundisha, naye anakusalimu na hajui bado, nitamwambia wiki hii. Nisalimie Festo, na Renatus pia, mwambie ana sikio zuri ila mkasi wake ni mwepesi. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe usingizi usio na kelele.

Naandika sebuleni, ni mchana, jasho linalowanisha karatasi. Bajaji imepita sasa hivi na wimbo wenu. Mama ameinuka, amepapasa ukuta, na ameufungua mlango, vumbi lote linaingia. Nimeketi nimeupa mgongo.

Wako akupendaye, hata kama jibu litakuwa kimya,

Doto