Eafoni Nilizosema Zimezikwa Pamoja na Mume Wangu

Bukura,
14 Julai 2009

Kwa Mama Jescah wa kipindi cha Alhamisi,

Nakusalimu kwa heshima na ninakuandikia nikiwa na shida ambayo sijamwambia mtu, na ukiisoma barua hii hewani tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu huku kwetu kipindi chako kinasikilizwa na kila mtu, hata wakataji wa miwa wanakata wakikusikiliza, na katika boma letu lote ni shemeji yangu Patroba peke yake ambaye hatakusikia, na hilo ndilo jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Mimi ni mjane. Mume wangu Erastus aliendesha trekta ya kubeba miwa miaka kumi na tisa na alifariki Novemba mwaka jana kwa homa ya mapafu. Miwa ilipoanza kulipa vizuri tulinunua simu yenye redio ndani, na kwenye boksi lake mlikuwa na eafoni nyeusi, hizi waya za kuweka masikioni, zenye sponji ndogo kila upande. Erastus alinieleza kwamba redio ya simu hiyo haiwezi kuimba mpaka hizo eafoni zichomekwe, kwa sababu waya ndio unaoshika mawimbi. Trekta ilikuwa imemharibia sikio la kushoto, basi yeye alivaa upande wa kulia na mimi nikavaa wa kushoto, tukikaa kwenye benchi nyuma ya jikoni jioni jua likiwa bado lipo, yeye kushoto kwangu, vichwa vikiwa karibu kwa sababu waya ulikuwa mfupi, mimi nikichambua mboga. Akitaka kucheka, waya ulikuwa ukitikisika kabla sijamsikia. Na mimi nikigeuka kufukuza kuku alikuwa ananiambia, "Mama Awinja, tulia, unanikatia habari." Awinja ni binti yetu wa kwanza. Ni maneno madogo lakini ndiyo ninayoyakumbuka kuliko hata yale aliyoniambia hospitalini.

Siku ya kunyoa nywele za msiba, baada ya mazishi, wazee waligawa vitu vyake kama ilivyo desturi yetu, na simu akapewa Patroba kwa sababu ndiye ndugu anayemfuata, na mimi sikuwa na neno. Lakini jioni iliyotangulia nilikuwa nimechomoa eafoni na kuzificha ndani ya mkebe wa mbegu za maharagwe. Patroba alipopokea simu akaigeuza huku na huku, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mulamwa, na zile waya za masikio?" Mulamwa ndivyo tunavyoitana sisi mashemeji. Mama Jescah, sijui mdomo wangu ulitoa wapi maneno hayo, nilisema, "Tulimzika nazo." Mzee mmoja akasema, "Basi amechukua alichokitaka," na wakaendelea kugawa mashati.

Patroba ni mtu mzuri, ndiye aliyenilimia msimu huu bila kuombwa. Wiki mbili zilizopita alikuja akakaa mlangoni, hakutaka chai.

Akasema, "Mulamwa, hii simu ya marehemu inanisumbua."

Nikamuuliza, "Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ninapiga, inaita vizuri. Lakini nikifungua redio inaniandikia Kizungu kwamba niunganishe waya. Nimeenda kwa fundi pale sokoni, akajaribu waya tatu, hakuna unaoingia, akaniambia simu hii inataka waya zake yenyewe. Sasa waya zake si ziko chini na ndugu yangu? Hii simu inamuulizia mwenyewe."

Nilicheka kidogo, kisha nikaona yeye hacheki. Aliniambia ameitoa nyumbani na kuiweka ghalani kwenye mahindi, na mkewe Roda anakataa kuigusa. Tarehe 15 Agosti ni makumbusho ya Erastus, siku ya ukoo kumkumbuka marehemu, na Patroba amekwisha kuwaambia wazee kwamba siku hiyo atachimba kando ya kaburi aizike simu, ndugu yake apate kitu chake kamili aache kuomba. Wazee wamekubali. Jogoo wa siku hiyo ameshachaguliwa.

Sasa nikueleze na la pili, kwa sababu kwangu mimi ni jambo moja. Malipo ya miwa yalipoingia Awinja alininunulia simu ndogo. Zile eafoni za mkebeni haziingii, kichwa cha waya wake ni bapa na tundu la simu yangu ni la mviringo, basi nikaenda mjini Kakamega kwa kijana mmoja anaitwa Protus anayeuza vitu vya simu karibu na stendi. Nilimwambia nataka za bei nafuu na zisiumize. Akanipa nyeupe, ngumu kama kifungo cha koti, nikavaa siku mbili masikio yakawaka moto. Nikarudi. Akaniambia, "Mama, hilo ni sikio ama ni tundu la kufuli?" watu wakacheka, hata mimi. Akanipa nyingine za kuingia ndani ya sikio, zenye mipira laini kwenye ncha, bei juu kidogo, shilingi mia mbili. Hizo upande wa kushoto zinakaa vizuri kabisa. Upande wa kulia unakataa. Nikiinama kupalilia unatoka, nikiusukuma ndani unauma, nikisema neno tu unaanguka kifuani. Ndani ya pakiti mlikuwa na mipira mingine, midogo na mikubwa, nimeiweka spea kwenye kopo la sindano mpaka hii ya sasa ichakae.

Mama Jescah, nimefikiri sana juu ya sikio hili la kulia. Miaka yote ile halikuvaa kitu, upande wa kulia ulikuwa wa Erastus. Naona kama linakataa kwa sababu ya uongo wangu. Kila jioni bado natoa zile za zamani kwenye mkebe, nafuta vumbi la maharagwe, navaa upande wangu wa kushoto na upande wake naushika mkononi. Hazijachomekwa popote, hazisemi kitu. Nakaa hivyo mpaka mboga ziishe.

Nikisema ukweli nitaaibika mbele ya wazee walewale. Nikinyamaza, simu nzima itazikwa na shemeji yangu ataendelea kumwogopa ndugu yake aliyempenda. Naomba uniambie nifanye nini, na pia mtu wa kipato changu mwenye masikio kama yangu anunue eafoni za aina gani. Hata ukikosa nafasi ya kunijibu, unikumbuke tu.

Mimi Pascalia, Mama Awinja.

---

Mama Awinja,

Pole kwa kuondokewa na Erastus. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye jogoo, nisamehe. Mara ya pili sikucheka.

Kwanza tumalize habari ya sikio, kwa sababu ndiyo nyepesi na ndiyo inayokutisha bure. Ile mipira uliyoifungia kwenye kopo la sindano si spea, mama. Ni saizi. Aliyetengeneza eafoni hajawahi kukuona, hajui tundu la sikio lako lina upana gani, basi akakuwekea ya mtu mdogo, ya wastani na ya mkubwa uchague mwenyewe. Na masikio ya mtu mmoja hayalingani, kama vile mguu mmoja unavyobanwa na kiatu na mwingine unacheza ndani. Leo hii fungua hilo kopo. Upande wa kulia toa mpira uliopo, weka mdogo. Mkono wa kushoto upitishe juu ya kichwa, vuta sikio la kulia juu na nyuma kidogo, ndipo uingize eafoni polepole ukiizungusha, usiisukume kama unapigilia msumari. Ukiachia sikio, litaushika mpira lenyewe. Kama bado inatoka ukiinama, pitisha waya juu ya sikio, ushuke kwa nyuma, ili uzito wake usivute. Sema maneno mawili matatu, tafuna kitu. Ikikaa, hiyo ndiyo saizi yako. Isipokaa, jaribu mpira mkubwa, maana mara nyingine kinachoanguka huanguka kwa sababu ni kidogo. Ikiendelea kuuma na saizi zote, nenda zahanati wakuangalie ndani, na usithubutu kuingiza njiti ya kiberiti.

Na siku utakaponunua nyingine, usiangalie rangi. Bonyeza mpira kwa vidole, uwe laini na urudi haraka. Hakikisha pakiti ina saizi zaidi ya moja. Mwambie Protus azichomeke kwenye simu yako mwenyewe, usikilize upande huu na upande ule, uzivae hapo hapo kwa muda ukitembea kidogo. Akisema anaharibiwa biashara, mwambie tundu la kufuli limehamia kibanda cha jirani. Za mia mbili zinatosha kabisa. Zile za kwanza alikuuzia plastiki tu.

Sasa nigombe kidogo. Wewe na shemeji yako mna ugonjwa mmoja, mnamsingizia marehemu. Patroba ameona simu inataka waya, akasema ni ndugu yake anaomba. Wewe umeona mpira haukutoshi, ukasema ni yeye amekasirika. Mtu aliyekuambia utulie kwa sababu unamkatia habari, leo aanze kukukomoa kwa kipande cha mpira? Unamjua zaidi ya hapo. Patroba ana haki ya kuogopa, maana umemnyima jambo analohitaji kulijua. Wewe huna haki hiyo. Wewe unajua waya unafanya kazi gani na unajua uko wapi. Mwanamume amekulimia shamba bila kuombwa, nawe umemwacha alaze simu yake kwenye mahindi.

Uliiba kwa mapenzi, hilo naliona. Ungewaambia wazee siku ile, "Hizi niachieni," sidhani hata mmoja angekunyima. Hukusema kwa sababu ulikuwa siku ya tatu bila usingizi na wanaume wanagawa mashati ya mume wako mbele ya macho yako. Sikulaumu kwa siku ile. Nakulaumu kwa miezi yote iliyofuata.

Fanya hivi. Usingoje makumbusho. Wiki hii, mchana, nenda kwa Patroba, Roda akiwepo. Usiende na mzee wala mchungaji, hii si kesi. Beba eafoni mkononi, si ndani ya mkebe, azione kabla hujafungua mdomo. Mwambie, "Mulamwa, hazikuzikwa. Nilizificha kwa sababu alikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine." Usiongeze maneno. Halafu mwombe alete simu kutoka ghalani, uzichomeke wewe mwenyewe, umpe upande wa kulia avae. Redio ikianza kuimba hofu yake itaisha hapo hapo. Atakasirika, mwache akasirike. Akimaliza atakunywa ile chai aliyoikataa.

Siku ya makumbusho utasimama useme mbele ya wazee sentensi moja, kwamba waya zimepatikana na ulikosea. Uongo ulisemwa mbele ya watu, usahihishwe mbele ya watu. Watanong'ona kidogo na kisha chakula kitaletwa. Jogoo mwache, huyo ataliwa vyovyote vile.

Usizikopeshe wala usizigawane naye. Simu ni yake, waya ni wa simu, umpe kabisa. Na msije mkaketi benchi moja na shemeji mkasikiliza kila mtu sikio lake, boma lina macho, na Roda naye ana roho. Lakini kabla hujaondoka nyumbani kwako, ile sponji ya upande wa kulia, ivue. Inatoka yenyewe ukivuta. Siku ile wazee waligawa simu na mashati, hawakugawa sponji. Iweke kwenye kopo la sindano, mahali mipira ilipokuwa. Hiyo ni yako, na mtu akikuuliza mwambie mimi ndiye niliyekupa.

Jibu hili nakutumia kwa posta, sijalisoma hewani. Barua yako nitaisoma Alhamisi tarehe 20 Agosti, saa kumi na moja jioni, na majina nitayabadilisha, lakini trekta na simu sitavibadilisha. Kwa hiyo usinifanye nikutangulie kuwaambia. Siku hiyo kaa kwenye benchi lako nyuma ya jikoni na mboga zako, uvae pande zote mbili, kushoto na kulia. Shemeji yako naye atakuwa kwake ananisikiliza, kwa simu yake na waya zake.

Umeomba nikukumbuke, nimekukumbuka. Ukinisikia kwa sikio la kulia, nami unikumbuke.

Mama Jescah