Elias na Lori Lisilo na Klachi

Jumatatu, 3 Machi

Tumepakia mabati Gitega alfajiri, tumefika Muyinga saa nane. Elias ndiye aliyeendesha. Kesho zamu yangu, kurudi na maharage.

Lori jipya la Hadji, tajiri wetu, lina wiki tatu mikononi mwetu. Giaboksi otomatiki, hakuna klachi. Mume wangu ana miaka ishirini na sita ya klachi, na mguu wake wa kushoto haujapata habari. Kila kona unakanyaga sakafu. Nikicheka anauficha chini ya kiti kama mtoto. Nampenda huyu mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Karuzi, foleni kwenye mlima. Elias hakushika breki. Alilizuia lori kwa kukanyaga mafuta kidogo, lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Dakika kumi hivi. Taa ya joto la giaboksi ikawaka. Kasema ni waya mbovu.

Si waya. Mimi nilikisoma kile kitabu cha lori, yeye hakukifungua.

Aliyenifundisha kuendesha ni yeye, ukimbizini Kasulu, kabla hatujarudi Burundi. Watu walimcheka kwamba anampa mwanamke usukani. Nitamfundishaje mtu kama huyo?

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimehesabu. Mara nne kaingiza rivasi lori likiwa bado linasogea mbele. Kila mara kitu kinagonga chini.

Na kwenye miteremko anaweka nyutro, lori linashuka bila gia. Dizeli ni ya shida, tunalala siku mbili kituoni kuisubiri, kwa hiyo anaona anaokoa. Kwenye lori la zamani alifanya hivyo miaka yote. Kwenye hili, injini ikipumua polepole pampu ya mafuta ya giaboksi nayo inalegea, huku magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani vikavu.

Nimemwambia wakati wa kula. Kwa upole. Akasema, "Mama Neema, mimi nimeshusha malori kwenye milima hii kabla hujajua usukani ni nini." Kisha kanisogezea kipande chake cha nyama. Nimekula. Nimekasirika nikiwa nakula.

Jumanne, 11 Machi

Tulikuwa tunatoka Muyinga, mzigo umejaa maharage, mvua imetoka kunyesha. Mteremko mrefu. Elias kaweka nyutro. Lori likashika kasi, akawa anakanyaga breki tu. Harufu ya kuungua ikaja. Breki zikaanza kuwa laini. Chini kabisa, wanaume watatu wa baiskeli wamebeba mikungu ya ndizi, wamepangana barabarani, hawatusikii.

Nikasema, "Baba Neema, rudisha gia." Nikasema tena. Akarudisha, kwa kasi ile ile. Lori likaruka, kikasikika kishindo kikubwa chini yetu. Mwendo ukapungua kidogo. Akapiga honi ndefu, baiskeli zikatawanyika, naye akalitupa lori kwenye njia ya udongo inayopanda kulia. Lilisimama lenyewe kwenye matope.

Hakuna aliyeumia. Mmoja wa wale wa baiskeli katuletea maji ya kunywa. Elias alishindwa kuishika chupa. Nilimshikia mimi.

Sikumlaumu. Sikuwa na nguvu hiyo.

Jumatano, 12 Machi

Tumevutwa hadi gereji, Gitega. Fundi katoa mafuta ya giaboksi. Meusi, yananuka kama sufuria ya maharage iliyosahaulika jikoni. Sahani kadhaa za chuma za ndani zimeungua. Itapona, kasema, lakini mara ya pili haitapona.

Niliogopa Hadji akijua ataajiri mwingine. Njiani kuja nilikuwa nimeshatunga uongo: tungesema lori lilitoka kiwandani na kasoro.

Hadji kafika na kanzu yake ya kuswalia. Kainamia giaboksi, kauliza, "Ni nani ameharibu bwati yangu? Mi nataka ukweli tu."

Kabla sijafungua mdomo, Elias kasema, "Ni mimi, Hadji. Mke wangu alinionya, nikakataa kusikia."

Hadji kamwambia, "Basi mwezi huu mama iko kwa usukani. We unakaa pembeni unaangalia. Akiniambia umejua, unarudi. Akisema bado, natafuta shofere mwingine."

Nimempenda Elias leo kuliko siku ya harusi. Sijamwambia.

Ijumaa, 21 Machi

Lori limetoka gereji. Elias pembeni, daftari la Neema mapajani, anaandika kila ninachofanya. Anauliza kama mwanafunzi. Kwa nini unasubiri asubuhi kabla ya kuondoka? Mafuta yapate joto. Kwa nini gia ya tatu kabla ya mteremko, si katikati? Injini ilizuie lori, breki zipumzike. Mlimani? Breki, si mafuta.

Kaandika: "Simama kabisa ndipo rivasi." Kapigia mstari mara mbili.

Jioni kavua kiatu cha kushoto akaketi kwenye usukani, lori limezimwa, akiuzoeza mguu huo kutofanya kitu. Nilipita bila kumtazama.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nimempigia Hadji. Nimemwambia amejua. Ni kweli, nisingesema kama si kweli.

Elias kaendesha hadi Muyinga. Taa haikuwaka. Hakunitazama hata mara moja kutafuta sifa.

Kurudi nilishika mimi. Tulipotoka Muyinga tu, akalala. Miaka yote hii hajawahi kulala nikiwa naendesha, hata akiwa na homa. Mdomo wazi, kichwa kinagonga kioo. Nikasimamisha lori, nikamwekea khanga yangu shingoni, nikaendelea.

Mvua ilitukuta Musinzira, mtaani kwetu. Nikaegesha mbele ya nyumba yetu. Sikumwamsha. Nimekaa naye pale mpaka mvua ilipopungua.