Noti za Pindo la Kanga

Mume wangu Hamisi, mjukuu uliye Mwanza,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ilongero tuko wazima, alizeti imekubali, na babu yako bado anagombana na jogoo.

Umeniuliza mbona mashine ya kuhesabia noti hapo kazini kwako inazivuta zikiwa zimekaa upande mpaka inakwama. Nimecheka! Nilipokuwa karani wa benki Singida mjini, yetu ilikwama kila siku ya mnada. Meneja akachoka, akataka akina mama wauza kuku wasipokelewe tena. Lakini mama yangu naye aliuza kuku. Nilijua noti zao zinatoka kwenye fundo la pindo la kanga, zimejikunja. Nikawa nazinyoosha pajani, nazigongagonga mezani mpaka kingo zilingane, ndipo naziweka. Mashine ikazipitisha sawasawa, meneja akaacha waendelee kupokelewa.

Mnada uliofuata, mama mmoja akanipa noti bapa kabisa, bado zina joto.

"Nimezikalia kwenye basi tangu Mtinko, mwanangu," akasema, "mashine yenu isije ikavimbiwa tena."

Basi kabla hujamwita fundi, waulize wateja wako noti zao zimelala wapi.

Mkeo mzee,
Bibi Mwanaidi