Bao la Maskati

Jumatatu, 1 Machi 1999

Nimefuta vioo vya kompyuta zote tatu. Vumbi la Makadara, hapa Mombasa, halina likizo. Katana kakaa nyuma anaandika programu, hasemi na mtu. Wateja: mmoja. Alitaka kujua kama tunatengeneza feni.

Nilipoacha kazi ya taipu kwenye kampuni ya kutoa mizigo kule Mbaraki, nilimwambia mama naingia biashara ya intaneti. Akauliza inauzwa kwa ratili au kwa yadi. Akaniruhusu niingie ubia na Katana, karani mwenzangu wa zamani, kwa sharti mlango usifungwe hata mara moja tukiwa wawili ndani. Mlango haujafungwa. Watu ndio hawaingii.

Wazo letu ni bao. Mtu akae hapa, mwenzake akae Maskati, kete zitembee kwenye kioo. Watu wetu wamejaa kule na wana hamu ya bao kuliko ya samaki. Mbona hawachezi?

Bwana Twahir, mwenye chumba, kapita tena. Tajiri mmoja wa Biashara Street anakitaka kiwe ghala la kanga. Bwana Twahir anasema chumba kisicho na watu huingiwa na majini. Tukijaza watu kabla ya Idi tutabaki. Tusipojaza, kanga.

Sitoki hapa.

Alhamisi, 4 Machi

Kaja Mzee Shee, bingwa wa bao wa mtaa huu. Habari hiyo tumeipata kwake mwenyewe. Nimemkutanisha na Mzee Mbarak, aliyecheza naye barazani miaka na miaka kabla hajahamia Maskati kwa wanawe. Kule mjukuu ndiye anayebonyeza. Huku nabonyeza mimi, Mzee Shee ananionyesha shimo kwa bakora. Kioo kina mikwaruzo.

Kashinda. Kainuka kimya kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Wanangu, hili ni bao au hesabu za bandarini?"

Maneno yake yamenikaa. Bao nimejifunza utotoni, kwa kuchungulia dirishani, maana wanawake hatukai barazani. Mchezo mzima nimeujua kwa shingo iliyopinda. Na sikuona hata siku moja watu wakicheza bao wakanyamaza. Wawili hucheza, mtaa mzima huwakejeli. Sisi tumetengeneza bao la maiti.

Nimemwambia Katana aweke mahali pa maneno chini ya ubao, na watazamaji nao waweze kuandika. Kauliza maneno gani. Matusi yenye adabu, nikamwambia. Yeye mtu wa Kaloleni, mwimba kwaya. Pale mahali kapaita "Ujumbe". Haya.

Jumapili, 7 Machi

Watu!

Benchi limeazimwa hoteli ya jirani. Muuza kahawa kahamia mlangoni na dele lake. Maskati wamejaa sebule nzima. Mmoja yuko Uingereza, hachezi, anakosoa tu.

Mbarak: "Shee, funga nyumba yako, kete zatoroka."

Shee: "Hazitoroki, zaja kwako kukusanya kodi."

Uingereza: "Nyote wawili hamjui bao."

Vidole vyaniuma. Naandika kejeli za wazee kwa kasi niliyofunzwa na makaratasi ya forodha. Katana anacheka peke yake kule nyuma. Tutaweza.

Jumatano, 10 Machi

Tumejaa mpaka barabarani. Bwana Twahir kachungulia, hakutaja kanga.

Mzee Shee alikuwa anashinda. Akanipigia kelele niandike: "Mbarak hakuhama Mombasa, alikimbia bao langu!" Benchi zima likaangua kicheko. Nikabonyeza. Papo hapo laini ikakatika. Ni moja, twashirikiana na wapangaji wa juu, na mmoja wao alikuwa kainua simu. Hatukuipata tena mpaka tukafunga hesabu ya siku.

Katana, kwa furaha, kachapa maneno yote ya mechi kwenye karatasi, kaibandika mlangoni. Laini iliporudi baadaye, nakala kaituma kwa wachezaji wote wa Maskati. Matangazo, anasema.

Ijumaa, 12 Machi

Maskati hakuna mtu. Jana hakuna, leo hakuna. Mzee Mbarak kaondoka, na wenzake wote wameondoka naye. Benchi limejaa na ubao mtupu.

Mzee Shee kavimba. "Mimi nalicheka! Nyote mwalinisikia!" Kweli tulimsikia. Maskati hawakumsikia.

Katana kaleta dawa: vijialama, nukta mbili na mabano, eti uso unaocheka. Mzee Shee kageuza shingo, kautazama sana. "Huyu ana kiharusi?"

Bwana Twahir kaja na karani wa tajiri wa kanga. Wamepima ukuta kwa futi, mimi nimekaa hapo hapo, kama kwamba ni kabati. Nimewachukia wote wawili.

Jumapili, 14 Machi

Nilisoma chuoni na Zuleikha, binti wa Mzee Mbarak. Nimemwandikia. Kajibu kabla ya alasiri.

Kilichomuudhi si ile kejeli. Babake aliposomewa alicheka mpaka akafuta machozi. Jibu alikuwa nalo mdomoni, laini ikakatika. Kisha ikaja karatasi ya Katana, neno la mwisho la Shee. Na amesikia imebandikwa mlangoni, Makadara, alikozaliwa. Anasema amefungwa mdomo mbele ya watu wake.

Nimeibandua karatasi kwa kucha.

Jumatatu, 15 Machi

Katana anataka tuandike barua ya kuomba radhi, yenye jina la biashara juu. Nimekataa. Mzee Mbarak hataki pole zetu, anataka zamu yake.

Nimemwandikia Zuleikha: babako aandike lolote, kwa urefu wowote. Nitalisoma kwa sauti mbele ya benchi, na hakuna atakayejibu mpaka nimalize. Mzee Shee kanung'unika, kisha kakubali. Nimepanda juu na sahani ya halwa, nimewaomba wapangaji wasiguse simu baada ya alasiri.

Alhamisi, 18 Machi

Kimya. Katana kauliza kama kampuni ya mizigo itatuchukua tena. Nimemwambia akafute vioo.

Jumamosi, 20 Machi

Jibu limekuja.

Nimesimama mbele ya wanaume wa mtaa mzima, na buibui langu, nikasoma. Mama alikuwa na habari kabla sijafika nyumbani. Salamu kwanza, ndefu. Kamuulizia kila mtu wa benchi kwa jina, na wawili waliokwisha kufa kawaombea dua. Watu wakaitikia amina. Kisha:

"Shee, mimi sikukimbia. Mkeo ndiye aliyenijia akilia, akaniambia: Mwenye bao, ondoka, mume wangu kila jioni arudi hali chakula kwa kushindwa. Akanipa na mkate wa njiani."

Mzee Shee kacheka mpaka bakora ikamponyoka. Bwana Twahir alikuwa kasimama mlangoni na ile futi yake. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Mjibu, Shee! Mjibu!" Alikuwa ni yeye. Futi keshaitia mfukoni.

Tulipofungua ubao, Maskati yote ilikuwa imekaa inangoja.

Alhamisi, 25 Machi

Bwana Twahir kanipa ufunguo wa pili wa chumba. Tumebaki.

Asubuhi na mapema kaja Mzee Shee peke yake. Kauliza, "Mbarak yupo?" Alikuwapo. Nikataka kufungua ubao, akanizuia kwa mkono.

"Muulize goti lake."

Nikaandika. Jibu: bado lamsumbua, na nyumba ya kule haina dirisha la barabarani.

Mzee Shee kaegemea bakora. "Mwambie barabara yetu imetiwa lami." Kisha: "Mwambie imeshaharibika."

Nikaandika yote mawili. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri.